Fuko, Gemu la Ndege Tulilolikataa Miyuji

Jana mlikaa hapo barazani, simu mkononi, mkimwangalia yule kijana wa mtandaoni anayetaja magemu mabaya kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa. Alipofika kwenye lile la ndege za vita mkaangua kicheko mpaka mmoja wenu akapaliwa na soda. Mimi nilikuwa napepeta mchele, nikaendelea kupepeta. Lakini neno limenikaa rohoni, na mtu wa umri wangu akikaa na neno rohoni linampandisha presha. Kwa hiyo leo wekeni simu chini mnisikilize.

Mnaniita Bibi, na wengi mnadhani kazi yangu siku zote imekuwa kupepeta mchele na kuwauliza mmefaulu au hamjafaulu. Kabla mwanangu Idi hajaweka hizo TV bapa na viti vya kuzunguka, banda hili la gemu lilikuwa langu. Nililianza na TV moja ya chogo, mashine moja ya mtumba na benchi la kuazima kwa jirani muuza chipsi. Wanawake wenzangu walinisema sana. Mwanamke wa Kirangi, mtoto wa watu wa Kondoa, badala ya kuuza vitunguu anauza gemu! Mama zenu wengine walishawahi kuingia hapa na fimbo, wakimtafuta mtu aliyetumwa chumvi asubuhi na sasa jua linazama. Nikaweka sheria. Mwenye sare ya shule haingii, na aliyetumwa na mzazi aweke kwanza mezani alichotumwa. Mfuko wa chumvi ukiwa mezani, tunaongea.

Kazi hii haikuwa na chuo. Aliyenifundisha ni Mzee Ndahani, Mgogo wa Haneti, fundi redio aliyehamia kwenye mashine za gemu watu walipoacha kutengeneza redio. Kila asubuhi alipita na mkoba wake wa bisibisi, akisimama mlangoni na salamu ya kwao: "Mbukwa, mtani! Leo kuna mgonjwa?" Mimi namuuliza kama jana usiku wamekula tena mlenda, yeye ananijibu kwamba afadhali mlenda kuliko Mrangi anayehesabu karanga kabla ya kuzikaanga. Tukishamaliza kutukanana hivyo ndipo anakaa anafungua mashine.

Alinifundisha kwamba Dodoma adui wa mashine ni vumbi, watoto mnasingiziwa tu. Lenzi husafishwa kwa pamba yenye spiriti kidogo, taratibu, kutoka katikati kwenda nje, na usiipulizie kwa mdomo maana mate ni mabaya kuliko vumbi. Mashine ikikataa kusoma CD, igeuze kichwa chini, miguu juu, kisha iwashe. Siku ya kwanza alipofanya hivyo nilipiga kelele, nikadhani ameiua. Ikasoma. Na mimi katika ujuaji wangu, mwezi wa upepo, niliwahi kuzifunika mashine kwa kanga nzito vumbi lisiingie, wateja wakicheza. Banda zima likaanza kunuka plastiki. Ndahani akaja, akafunua kanga, akanitazama.

"Mama Idi, hiki ni chombo au uji unaoufunika usipoe?"

Jina la Mama Uji lilinifuata mtaani mpaka Idi akaanza kuota ndevu.

Sasa, hilo gemu. Ndahani ndiye aliyelileta, ndani ya katoni la mashine za mtumba alilonunua mjini. Maandishi ya kasha yalikuwa ya Kiasia, hakuna aliyeweza kuyasoma, ila picha ilionyesha ndege ya kijivu ikipita juu ya daraja refu. Vijana walilipokea kwa shangwe. Hadi mchana shangwe ilikuwa imekwisha. Aliyeshika pedi anaruka vizuri uwanjani, dakika haijaisha ndege inalala ubavu, inainamisha pua na kuingia ardhini. Anafuata mwingine, ardhini. Side, ambaye sasa ni kinyozi pale kona na wakati ule ndiye alikuwa bingwa wa gemu la mpira mtaa mzima, alianguka mara nyingi mpaka akarusha pedi mapajani kwa mwenzake.

"Hii si ndege, hii ni fuko," akasema. "Inatafuta shimo lake."

Likawa Fuko tangu siku hiyo. Hapa kulikuwa na desturi, ukifungwa au ukianguka, unapisha mwingine, kwa hiyo Fuko lilikuwa gemu la kupokezana pedi tu. Baada ya wiki hakuna aliyelitaka. Mtu akichelewa kulipa, wenzake wanamtisha: "Utachezeshwa Fuko." Na Ndahani, kwa kuwa ndiye aliyelileta na ndiye pekee aliyelisifia, akawa Rubani wa Fuko. Alipita sokoni, watu wazima na heshima zao wanamfanyia mikono ya ndege inayoanguka.

Yeye alikuwa anasema jambo moja tu: "Gemu ni zuri. Nyinyi ndio hamjalicheza."

Nami nilikuwa nacheka pamoja na wengine, maana biashara ni wateja. Lakini nilikuwa namwona asubuhi kabla ya wateja. Kila pedi aliyoitengeneza aliijaribu kwenye Fuko. Anapaisha ndege, anaiweka sawa, anaondoa kidole, anachukua kikombe anakunywa chai. Ndege ikiendelea mbele kama imechorwa kwa rula, pedi imepona. Ikianza kulala upande, anaifungua tena. Mpira wote mliousikia baba zenu wakijisifia kucheza hapa, mashuti yaliyokwenda walikotaka, yalipimwa kwanza na Fuko. Hilo huyo kijana wenu wa mtandaoni halijui.

Na hapo ndipo penye kosa letu, nalo lilikuwa kosa la watu wa mpira. Sikilizeni vizuri kwa sababu hata nyinyi mngelifanya.

Kwanza, pedi zetu zilikuwa zimechoshwa na mpira. Kile kijiti cha kuelekezea kikishalegea hakirudi katikati. Kwenye mpira hutajua, maana kidole gumba hakitulii hata sekunde. Kwenye ndege, ukiachia kidogo, kijiti kilicholegea kinaendelea kuamuru, na ndege inamtii. Pili, mtu wa mpira hawezi kuachia kitufe cha mbio. Anakibonyeza mchezaji akiwa na mpira, asipokuwa nao, hata mchezo ukiwa umesimama. Kwenye Fuko kitufe kile kile kinakunywa mafuta. Pembeni mwa kioo palikuwa na mstari wa kijani unapungua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anautazama. Mafuta yanaisha, ndege inashuka, watu wanatukana gemu.

La tatu ndilo lililomchekesha Ndahani kuliko yote. Ili ndege ipande, unavuta kijiti kwako. Ukikisukuma mbele, pua inashuka. Sisi tuliona kushuka, tukazidi kusukuma mbele ili ipande.

"Hamjawahi kulima na ng'ombe nyinyi," akawaambia. "Plau ukiinua mikono, inachimba. Ukikandamiza mikono chini, ncha inapanda. Mimi nimelima hivyo Haneti tangu nikiwa mdogo, ndege hii nimeishika mara moja tu ikanielewa."

Side akamjibu, "Basi mzee kaendeshe ng'ombe, utupishe tucheze mpira." Wakacheka, na yeye akacheka, akafunga mkoba wake.

Sisemi Fuko halina kasoro. Linazo, na nitawapa haki yenu. Ndege za adui ni masanduku yaliyobandikwa mabawa. Ardhi ina rangi ya saruji mbichi. Muziki ni ule ule mwanzo hadi mwisho, ukiusikia asubuhi utaunguza vitunguu jioni ukiwa bado unauimba. Na kuna ukungu mzito kila mahali, ambao Ndahani alinieleza kwamba waliuweka makusudi, mashine za wakati ule hazikuweza kuchora mbali. Yule kijana wenu amelalamikia sana huo ukungu. Mimi nimeishi hapa miezi ya upepo, siku ambazo ukisimama Miyuji huuoni mlima ulio mbele yako, na bado watu wanafika waendako. Sioni ajabu yake.

Miaka ikapita, ikaja ile ya simu za kila mtu. Nikazeeka, nikamwachia Idi banda, naye akaliboresha, sina neno. Ndahani akazeeka pia. Mkewe alishatangulia, na binti yake Neema, aliyeolewa na kulima alizeti huko Mlali, akawa anamsihi ahamie kwake. Mwishowe akakubali. Wiki ile ya kuondoka akaja kunitembelea, akakataa kiti cha kuzunguka cha Idi, akaketi kwenye ndoo.

"Mtani," akasema, "naondoka Jumamosi. Lakini nina jambo."

"Sema."

"Lile gemu sijawahi kulimaliza."

Nilidhani anatania. Nilimwona akilirusha miaka yote hiyo. Akanikumbusha kwamba alikuwa anapima pedi tu, kwenye uwanja wa kwanza, ndiyo hatua ya kwanza ya gemu, na kazi ikiisha anazima kwa sababu wateja wamefika.

"Sasa kulimaliza kutakusaidia nini, na uzee huu?"

Akazungusha kofia yake mikononi. "Nimelisemea peke yangu, Mama Idi. Mtu akisema jambo peke yake miaka mingi, mwisho anajiuliza kama kweli aliliona. Nataka nilimalize mbele ya watu. Na kabla sijafa nataka mtu mmoja tu, asiye mimi, aseme gemu hili ni zuri, awe anasema kweli."

Sikumtania siku hiyo. Nilimwonea huruma na nilikereka pia, kwamba mtu aliyenipa kazi mkononi alikuwa anaondoka mjini na kitu hicho kifuani.

Jumamosi asubuhi Idi alisimamisha mpira, akaitoa stoo ile TV ya chogo na mashine ya mwisho iliyobaki. Nilisafisha lenzi mwenyewe. Haikusoma. Nikaigeuza miguu juu, ikakoroma, ikasoma. Shida nyingine ilikuwa memori kadi, ilikufa zamani, kwa hiyo hakukuwa na kuhifadhi. Alitakiwa aende kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuzima, na umeme wa mtaani mnaujua. Neema angefika mchana na gari la kuazima. Ndahani akavaa miwani, akafanya ishara ya msalaba, akashika pedi aliyoifungua na kuifunga kwa mkono wake jana yake.

Vijana walikuja kucheka. Side alimkatiza mteja nywele zikiwa nusu, akaja naye akiwa bado amefungwa kitambaa shingoni. Mwanzoni kulikuwa na kelele nyingi. Ndege ikapaa, ikaingia ukunguni, ikamfuata kiongozi wake, ndege nyingine iliyotangulia mbele, polepole bila kupiga risasi, na kelele zikaanza kupungua. Kumbe ndivyo linavyotaka. Yule kiongozi anakuonyesha njia, anapiga bawa kushoto nawe unapiga, na ukimfuata kwa subira unatokea nyuma ya adui ambao hawajakuona. Hatukuwahi kufika hapo hata mara moja. Uwanja wa pili ulikuwa baharini, wa tatu milimani, na milima ile, nawaambia ukweli, ilikuwa mizuri. Jua la asubuhi lilikuwa limechorwa juu yake na masanduku yale yenye mabawa yakapita mbele ya jua, nikasahau kwamba ni masanduku.

Umeme ulicheza mara moja. Taa ilififia, stebilaiza ikagonga tak, kioo kikafifia, kisha kikarudi. Ndahani hakutingishika, sijui hata kama aliona.

Neema alifika baba yake akiwa kwenye uwanja wa mwisho, ule wa daraja. Akasimama mlangoni na funguo mkononi. "Baba, gari ni la watu," akasema, kisha akaangalia kioo, akaingia ndani.

Daraja likalipuka. Banda likalipuka pia, watu wakarukaruka. Lakini gemu halikwisha. Ndege ilikuwa mbali na nyumbani na mstari wa kijani ulikuwa umebaki kipande kidogo sana, na nyuma kulikuwa na adui wawili.

"Kimbiza, mzee! Kimbiza!" Side akapiga kelele. Wote wakaitikia, kimbiza, kimbiza.

Ndahani aliondoa kidole kwenye kitufe. Akavuta kijiti kwake taratibu, ndege ikapanda ndani ya ukungu, ule ule ukungu wa lawama, na adui wakapotea. Kukawa na sauti ya upepo tu. Mafuta yakaisha akiwa juu, na yeye akaiacha iteleze, akiikandamiza na kuiachia kidogo kidogo, mpaka chini ya ukungu pakatokea taa mbili, kisha nne, kisha uwanja wa ndege. Magurudumu yakatoka. Ndege ikagusa, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikasimama.

Gemu lile lilikuwa na kutua. Miaka yote hiyo tuliyoishi nalo, hakuna mtu Miyuji aliyejua.

Walimbeba, jamani. Side alimbeba mabegani, na yule mteja wa nywele nusu anapiga makofi. Nilijifuta macho kwa ncha ya mtandio na sikujali nani ananiona. Alipowekwa chini nikamshika mikono, nikamwambia, "Mtani, gemu ni zuri."

Akanitazama juu ya miwani. "Umelicheza?"

Ndipo nikatambua kwamba mimi, mwenye banda, niliyefungua pedi nyingi kuliko sufuria nilizoosha, sikuwahi kucheza gemu lolote tangu mwanzo. Nilikuwa nakodisha, nasafisha, nafukuza watoro.

"Basi bado hujasema," akasema. Akaniachia pedi, akaingia kwenye gari la watu, wakaondoka kwenda Mlali.

Mnaniuliza kwa nini asubuhi mlango wa stoo huwa umefungwa na Bibi yumo ndani. Idi anajua, amekula kiapo. Nimeanguka kuliko Side. Vidole vyangu vina baridi yabisi na vilitaka kusukuma mbele kila ndege ilipoinama, mpaka nikaenda kwa jirani anayelima na ng'ombe nikamwomba anishikishe plau nijue anachosema Ndahani. Alinidhania nimeanza kuchanganyikiwa. Nililima mistari miwili, nikatifua mahali pasipotakiwa, nikarudi stoo, na asubuhi iliyofuata ndege ikapanda. Nilipofika milimani mara ya kwanza nilichelewa kugeuza kwa sababu nilikuwa naangalia jua, nikagonga mlima, na sikukasirika. Nilipolipua daraja nilimpigia simu.

"Shikamoo, mtani," nikamwambia kumtania, maana tunalingana. "Nimevunja daraja."

"Umetua?"

"Niliishiwa mafuta."

"Basi nitapokea simu ukitua." Akakata! Mzee yule.

Alhamisi iliyopita niliamka, nikaswali, nikaigeuza mashine miguu juu. Nilikwenda pole. Baada ya daraja nilitoa kidole kwenye kitufe, nikapanda ukunguni, nikaiacha iteleze, huku namwomba Mungu umeme usikatike. Taa zikatokea. Nikagusa nikaruka, nikagusa, nikasimama, nikaweka pedi mapajani. Kisha nikapiga simu. Ilipokewa kukiwa na kelele nyingi, watu wanapura alizeti.

"Nimetua," nikasema. "Na gemu ni zuri, Ndahani. Ni zuri sana."

Nikasikia tu kitu kikigonga. Nikadhani mtandao umekata. Halafu nikamsikia kwa mbali, simu ameiweka pembeni, anawaita watu wa huko kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, anamwita Neema, anawaita wapura alizeti wote waache kazi waje wasikie, na anawaambia, "Njooni, njooni, kuna mtu mwingine ameliona."